Fremu Kumi na Sita za Mpagazi

Kitabu kilifika Ntalikwa kwa baiskeli. Mjomba alikuwa amekinunua Dar es Salaam kwa wauza vitabu vya mitumba, akasafiri nacho kwa treni ya Reli ya Kati hadi stesheni ya Tabora, na kutoka mjini akakifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu, kimefunikwa na mfuko wa rambo kisiloane. Ilikuwa mwaka 2007. Kilikuwa kinene kama tofali, cha Kiingereza, na kilifundisha programu ya Flash 8, ile iliyotumika kutengeneza katuni za kwenye tovuti. Ndani ya jalada la nyuma palikuwa pamegundishwa mfuko wa plastiki wa kuwekea sidii. Mfuko ulikuwa mtupu.

Nimekuwa nikiishi kwa kuchora picha zinazotembea kwa miaka mingi sasa, na watu huniuliza nilisomea chuo gani. Jibu langu ni kitabu kile. Leo nataka nikisifu kitabu chenyewe, na pamoja nacho nimsifu aliyekiandika, kwa sababu kazi yake haina wa kuipigia makofi. Katuni ikipendeza, anasifiwa mchoraji. Mtu aliyekaa miezi mingi akitafuta namna ya kumwongoza mgeni kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho bila kumpoteza njiani, hatajwi. Na mimi nasema ufundi wake ni mgumu kuliko wa mchoraji.

Vijana wa leo huenda hawaijui Flash, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwaka 1996 Jonathan Gay na wenzake katika kampuni ndogo ya Marekani iitwayo FutureWave walitoa programu ya FutureSplash Animator. Desemba ya mwaka huohuo kampuni ya Macromedia ikainunua na kuibatiza jina la Flash. Siri yake ilikuwa katika namna ya kuhifadhi picha. Badala ya kukariri rangi ya kila nukta, ilikariri mistari na mikunjo kwa hesabu: mstari unaanzia hapa, unajipinda hivi, unaishia pale. Faili likawa jepesi mno, kiasi kwamba katuni iliweza kupita kwenye waya wa simu wa enzi zile, uliokuwa ukivuta intaneti kwa kukohoa. Adobe ilipoinunua Macromedia mwaka 2005, programu ya kuchezeshea faili za Flash ilikuwa kwenye karibu kila kompyuta iliyounganishwa na mtandao.

Kabla ya kitabu cha Mjomba nilikuwa nimejaribu kujifunza kwa maelekezo yaliyomo ndani ya programu yenyewe. Yale yalikuwa maandishi ya kweli, hayakuwa na kosa, lakini yalipangwa kama duka la vipuri. Hapa ni menyu ya faili, na hivi ndivyo vitu vyote vilivyomo. Hapa ni menyu ya kuhariri, na hivi ndivyo vyake. Ukitaka kujua kitufe fulani kinafanya nini, utajibiwa vizuri. Ukitaka kujua uanzie wapi ili mtoto kwenye skrini arushe jiwe, utazunguka mpaka saa uliyoilipia kwenye kompyuta ya kukodi iishe. Ni sawa na mtu anayetaka kusema Kiswahili halafu akakabidhiwa kamusi.

Kitabu cha miradi kinakwenda njia nyingine kabisa. Wachapishaji wa vitabu vya programu walikuwa na misururu mizima ya vitabu vya aina hii. Inayojulikana zaidi ni Training from the Source ya Macromedia na Classroom in a Book ya Adobe. Kila somo ni kazi moja kamili. Kwanza unaambiwa ufungue faili la kazi iliyokwisha, uitazame ikicheza. Halafu unaifunga, unafungua faili la mwanzo, ambalo lina vipande tu, na kuanzia hapo unapelekwa hatua kwa hatua mpaka kazi yako ifanane na ile uliyoiona. Huelezwi kitufe mpaka siku unayokihitaji.

Nilipoielewa njia hiyo nilimkumbuka fundi cherehani mmoja wa sokoni Tabora ambaye kaka yangu alikuwa mwanafunzi wake. Siku ya kwanza hakumpa kitambaa. Alimpa suruali kuukuu na wembe, akamwambia aifumue yote, kila mshono, alaze vipande mezani kwa mpangilio. Kaka aliona kwa macho yake kwamba suruali ni vipande vingapi, mfuko umekaa juu ya nini, zipu imeshonwa kabla ya nini. Kesho yake akaambiwa airudishe iwe suruali. Mwandishi wa kitabu cha miradi anafanya kazi ya yule fundi, ila yeye ndiye anayefumua. Anachukua katuni iliyokwisha, anaifumua kinyumenyume usiku kucha, na kila anapong'oa uzi anajiuliza: je, huu mwanafunzi anaweza kuushona peke yake wakati huu, au bado? Kama bado, anautafutia somo la mbele. Msomaji haoni hata chembe ya kazi hiyo. Anaona tu kwamba hatua ya 6 imefuata hatua ya 5 na hakuna kilichomkwaza.

Nichukue ukurasa mmoja tu, somo la mpira unaodunda, niuonyeshe kwa karibu.

Unaambiwa uchore duara, uligeuze kuwa simboli, yaani mchoro unaoweza kutumika tena na tena, kwa kubonyeza F8. Unakwenda kwenye mstari wa muda, ule mfululizo wa vyumba vidogo juu ya jukwaa ambapo kila chumba ni fremu moja, unachagua chumba cha 12, unabonyeza F6. Kinatokea kidoa cheusi. Unausogeza mpira mpaka chini. Unarudi katikati ya vidoa viwili, unachagua mwendo, na mshale unajichora wenyewe kutoka kidoa hadi kidoa, juu ya rangi ya zambarau nyepesi. Unabonyeza Enter. Mpira unashuka. Hujaelezwa lolote kuhusu nadharia, lakini umeshafanya jambo ambalo katika studio za zamani lilikuwa ajira ya watu wawili: mchoraji mkuu aliyechora mikao mikubwa, na kijana wa kujaza michoro ya katikati.

Kisha mwandishi anafanya jambo lililonifanya nimpende. Papo hapo, kabla hujakosea, anakuambia kwamba kama badala ya mshale umeona mstari wa vitone, basi umesahau kidoa cha mwisho, rudi ukakiweke. Mimi nilikuwa nimeona vitone. Nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Alijuaje? Alijua kwa sababu aliwahi kukaa nyuma ya kiti cha wanaojifunza, akanyamaza, akawatazama wakikosea, akaandika walipokosea. Hiyo haipatikani kwa kuijua programu, bali kwa kuwavumilia watu.

Na bado mpira ulikuwa umekufa. Ulishuka kwa kasi ileile toka juu hadi chini, kama ndoo inayoteremshwa kisimani. Ukurasa unaofuata ndipo unapotajwa mtelezo: kuna kidude cha kupandisha na kushusha, kutoka 100 hasi hadi 100, kinachoamua mwendo uanze polepole ukolee, au uanze kwa kasi ulegee. Ukikishusha, mpira unasitasita juu halafu unaanguka kweli. Ni hapo tu, mpira ukiwa umeshaanguka mbele ya macho yako, mwandishi anapotumia aya moja kukueleza kwamba hakuna kitu duniani kinachoanza kwenda kikiwa tayari katika kasi yake kamili. Angeianza sura kwa sentensi hiyo ningeipita. Alingoja mpaka mkono wangu uiombe.

Sasa nirudi kwenye mfuko mtupu.

Kitabu kizima kilitegemea sidii ile. Kila somo lilianza kwa kunituma kwenye folda ya somo, nifungue faili la mwisho, kisha la mwanzo. Sikuwa na la mwisho wala la mwanzo. Nilikuwa na picha ndogo za skrini, nyeusi na nyeupe, zilizochapwa pembeni mwa hatua. Tena kompyuta yenyewe haikuwa Ntalikwa. Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, lakini usidanganywe na neno manispaa. Kwetu palikuwa mashamba ya mahindi na karanga, miembe na barabara ya vumbi. Kompyuta niliikuta mjini, chumba cha kulipia kwa saa, Jumamosi kwa Jumamosi. Siku nyingine umeme ulikatika dakika ya 20 na Jumamosi ikaishia hapo.

Kwa hiyo siku sita za wiki nilijifunza Flash bila Flash. Nilichukua daftari la hesabu lenye vyumba vidogo, nikageuza kila mstari kuwa tabaka na kila chumba kuwa fremu. Nilitia vidoa kwa kalamu, mishale kwa penseli. Vipande ambavyo vilipaswa kutoka kwenye sidii nilivichora mwenyewe. Palipohitajika gari la tangazo nilichora baiskeli ya Mjomba. Palipohitajika theluji inayodondoka, maua ya mwembe. Kwenye pembe za kaunta buku nilichora mkao mmojammoja, ukurasa kwa ukurasa, ili nikizipitisha kurasa kwa kidole gumba zicheze. Jumamosi nilikuwa naingia kwenye chumba kile nikijua ninachokwenda kufanya, kila chumba cha daftari kikingoja chumba chake cha kwenye skrini.

Somo la nane lilikuwa la mtu anayetembea. Kitabu kilikuwa na mwanamume mwenye begi la ofisini. Mimi nikachora mpagazi.

Kwa mtu wa Tabora hilo halihitaji maelezo mengi. Kabla reli haijafika mwaka 1912, kila kilichopita hapa kilipita mabegani mwa watu: pembe kwenda pwani, shanga, nyaya za shaba na majora ya vitambaa kuja bara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, jina la zamani la mji huu, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa njiani toka Juni. Wanyamwezi walijulikana hadi Bagamoyo kwa kazi hiyo. Kijana alikwenda pwani na mzigo na akarudi akihesabiwa mtu mzima. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi, begani, siku baada ya siku. Babu yake bibi yangu alikuwa mmoja wao. Nilitaka kumwona akitembea.

Kitabu kilinifundisha kwamba hatua moja ya mtu ina mikao minne. Niliipa majina kwa Kiswahili, na bado nayatumia. Kwanza mguso: miguu imeachana kabisa, kisigino cha mbele kinagusa ardhi. Pili mzamo: mguu wa mbele unapokea uzito, goti linakunjika, mwili uko chini kuliko wakati wowote. Tatu mpito: mguu wa nyuma unaupita ule uliosimama. Nne mwinuko: vidole vinasukuma, mwili uko juu kuliko wakati wowote. Mikao minne kwa mguu wa kulia, minne kwa wa kushoto, michoro 8, halafu unarudia tangu mwanzo. Ukipangilia vizuri, mtu wako atatembea milele bila kufika.

Nilichora michoro yangu 8 kwenye pembe za kaunta buku, mpagazi na mtumba wake begani. Alitembea. Nilifurahi, nikampelekea bibi uani alikokuwa akipepeta. Alijifuta mikono, akaishika kaunta buku, akazipitisha kurasa kwa kidole chake mwenyewe, mara moja, mara mbili.

"Huyu amebeba nini?"

"Frasila mbili za nguo, bibi."

Akapitisha tena. "Hapana, mjukuu wangu. Huyu amebeba manyoya ya kuku."

Kisha akanyoosha kidole kwenye debe. Nilikwenda kisimani, nikalijaza, nikalipandisha begani badala ya kichwani, nikaanza kurudi. Maji lita 20 ni kilo 20, na bado kuna uzito wa debe lenyewe. Njiani niliacha kufikiria mabega nikaanza kufikiria magoti. Mguu ukigusa chini, mwili unazama, na unakaa huko. Hauna haraka ya kuinuka. Unapita polepole juu ya goti, unainuka kidogo tu, mara unagusa tena. Hatua inakuwa fupi. Kisigino hakirushwi nyuma. Mkono usioshika mzigo unajitenga na mwili kutafuta mizani. Na kichwa, ambacho nilikuwa nimekichora kikipanda na kushuka kama cha mtoto anayetoka shule, kinakwenda mbele karibu katika mstari mmoja, shingo ikiwa imekaza. Bibi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Hakusema neno. Alirudi kwenye ungo wake.

Usiku ule nilifungua kitabu tena kwenye somo la nane, na hapo nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelipita. Mwandishi alikuwa ameacha nafasi. Katika hatua za mwisho za somo alikuwa anaelekeza jinsi ya kuongeza fremu za kawaida, kwa F5, kati ya vidoa, ili mkao mmoja ukae muda mrefu kuliko mwingine, na akamwachia msomaji ajaribu mwenyewe. Hakusema hivi ndivyo uzito unavyotengenezwa. Labda aliamini kwamba atakayehitaji uzito atakuja kuutafuta, na akauwekea mlango.

Kwa mwendo wa fremu 12 kwa sekunde, ambao ndio Flash 8 ilianza nao, mpagazi wangu wa kwanza alitumia fremu 4 kwa hatua, theluthi moja ya sekunde. Ule ni mwendo wa mtu anayewahi basi. Nikampa fremu 8 kwa hatua: mguso 1, mzamo 3, mpito 2, mwinuko 2. Jumla 16 kwa miguu yote miwili. Nikamshusha kiuno, nikamfupishia hatua, nikamnyoosha shingo. Mtumba wenyewe nikauweka tabaka la peke yake, na nikauchelewesha fremu moja nyuma ya bega: bega likishaanza kuinuka, mtumba bado unashuka. Ni kitu kidogo mno. Ukikisimamisha hukioni. Ukikiachia kitembee, kilo 32 zinatokea mahali palipokuwa na penseli tu.

Baadaye niliongeza mpagazi wa pili, mwenye mzega, ule mti wa begani wenye mzigo kila upande. Huyo alinisumbua mwezi mzima. Niliwatazama wauza maji mjini wakipita na madumu yao mawili, nikaona kwamba ncha za mzega zina maisha yao. Bega linapanda, ncha zinazama. Bega linazama, ncha zinapanda. Na muuza maji mzuri hapigani nazo, anatembea kwa mdundo wao. Hatua zake zinaamuliwa na mti. Nilipoelewa hivyo nilianza kuchora mzega kwanza na mtu baadaye, na kazi ikakubali.

Jumamosi moja ya mvua nilimaliza msafara. Hapa nao ufundi wa kitabu uliniokoa, maana kilikuwa kimenifundisha katika somo la tatu, kwa mfano wa samaki, kwamba simboli moja ikiwa kwenye maktaba ya faili unaweza kuiweka jukwaani mara nyingi upendavyo na faili lisinenepe, na kwamba kila nakala inaweza kuambiwa ianze kucheza kutoka fremu tofauti. Nikawaweka wapagazi 20 kutoka mchoro mmoja. Wa kwanza alianza fremu ya 1, wa pili ya 6, wa tatu ya 11, wa nne ya 3, ili wasikanyage pamoja kama askari. Mbele nikamweka kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera yake. Nyuma yao miembe, kwenye tabaka linalorudi kinyume polepole. Nikabonyeza Ctrl na Enter. Watu wawili waliokuwa wakisoma barua pepe kwenye kompyuta za jirani waliacha wakaja kusimama nyuma yangu. Faili lote halikufika kilobaiti 30.

Nimesema kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Sikukijua Kiingereza cha kutosha, na ninaamini hilo nalo linaonyesha uzuri wa kilivyoundwa: kila sentensi ilikuwa na kitendo, na kila kitendo kilikuwa na picha ya kukithibitisha. Lakini kila neno nililolielewa kwa mkono lilidai jina nyumbani. Fremu yenye kidoa, ile inayobeba mkao, niliita nguzo. Fremu za katikati zinazojazwa na programu niliziita fito. Aliyewahi kujenga nyumba ya miti ataelewa mara moja kwa nini huwezi kuanza na fito, na kwa nini nguzo ikikaa vibaya hakuna fito itakayoinyoosha. Nilipoanza kuwafundisha wengine sikuhitaji kueleza zaidi ya hapo. Kijana wa miaka 14 aliyeshiriki kujenga banda la kuku la baba yake alishika somo la mwendo kabla sijamaliza kunywa chai.

Flash yenyewe haipo tena kama ilivyokuwa. Simu za kisasa ziliikataa, tovuti zikahamia njia nyingine, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ilisitisha kuihudumia ile programu ya kuchezeshea faili zake kwenye kompyuta. Ile ya kuchorea ilikwishabadilishwa jina mwaka 2016 ikawa Animate. Wako waliosikitika wakidhani yote waliyojifunza yamezikwa. Mimi sikusikitika hivyo. Nilipofungua Animate mara ya kwanza, mstari wa muda ulikuwa palepale, nguzo ni kidoa kilekile, F6 ni F6. Nilipofungua programu nyingine za makampuni mengine, majina yalitofautiana lakini mguso, mzamo, mpito na mwinuko havikutofautiana, kwa sababu magoti ya watu hayajabadilishwa na kampuni yoyote. Kuna hata waungwana waliotengeneza programu huria iitwayo Ruffle, inayozichezesha faili za zamani za Flash. Nimeujaribu msafara wangu humo. Wapagazi wote 20 walitembea.

Na katuni za Afrika Mashariki zimekuja kweli. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walikuwa wakitazama Tinga Tinga Tales, iliyohuishwa Nairobi kwa mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania. Januari 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonyeshwa TBC1, imetengenezwa Dar es Salaam, inafundisha hesabu kwa nyimbo. Ikafuatwa na Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Watoto wa Ntalikwa wanamjua Akili kwa jina. Nikiwatazama wanavyomtazama, jicho langu huenda kwenye miguu yake, namna anavyozama na kuinuka, na hujiuliza aliyemtembeza alijifunza kwa nani, kwa kitabu gani.

Ndipo ninapofika kwenye ombi langu, na ninalipeleka kwa mafundi wa studio hizo na wengine wote wenye mkono uliokomaa, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko. Andikeni kitabu kimoja cha miradi kwa Kiswahili. Vipande vifupi vya video vipo vingi na vinasaidia, lakini video huenda kwa kasi ya anayefundisha. Ukurasa hukungoja wewe, hata umeme ukikatika, hata kompyuta ikiwa mjini na wewe uko kijijini. Masomo 10 yanatosha. Fumueni kazi zenu wenyewe, zile tunazozipenda, mtuonyeshe vipande vimelala mezani. Kaeni kwanza nyuma ya viti vya wanaojifunza mwone wanapokosea, na hapohapo waandikieni neno. Somo la kutembea liwe la mtu aliyebeba kitu. Na faili za mwanzo ziwekeni mahali ambapo mtoto mwenye simu ya kuazima anaweza kuzichukua bila malipo, ili mfuko wa nyuma usiwe mtupu.